Malalamiko ya Mlinzi wa Lango la Nne Kuhusu Njia ya Baiskeli Iliyokatiza Uani Kwake

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Idara ya Njia za Matembezi na Baiskeli,
Ghorofa ya tatu, mlango wenye pazia la kijani.

KUH: NJIA YA BAISKELI ZA MILIMANI ILIYOPITISHWA KATI YA JIKO LANGU NA BARAZA LANGU

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira za wastani. Mimi ni mlinzi wa Lango la Nne la mfereji mkuu, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na sita bila kuzamisha mtu, mnyama wala shamba. Nyumba yangu ni ile ndogo ya vyumba viwili yenye bati jekundu, iliyobanwa kati ya mfereji na ukingo wa bonde, pale mteremko wa kwenda mtoni unapoanza. Mbele kuna baraza linalotazama maji, nyuma kuna jiko, na katikati ya hivyo viwili kuna ua wa hatua tisa. Nimezipima leo asubuhi kwa ajili ya barua hii. Humo tunaishi watu watatu: mimi, mke wangu ambaye ni muuguzi mstaafu, na mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, mwenye miaka themanini na sita, ambaye hasikii vizuri ila yale asiyopaswa kuyasikia.

Miezi saba iliyopita idara yako ilitoa ramani nzuri sana, ya rangi, yenye njia ya baiskeli za milimani. Njia hiyo inatoka mjini, inafuata tuta la mfereji kwa kilomita kumi na mbili, inashuka bondeni kwa kona moja kali, inavuka mto mara mbili, kisha inarudi mjini kwa upande wa pili. Sina ugomvi na ramani kama karatasi. Ugomvi wangu ni kwamba ile kona kali mmeiweka uani kwangu. Kibao chenu chenye mshale mweupe kimepigiliwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo zetu.

Kwa heshima zote nayapanga malalamiko yangu kwa namba, ili upate kuyajibu moja moja bila kuchoka.

1. Kuhusu kukatizwa.

Jumamosi ya kwanza walipita watu kumi na wanne kati yangu na chai yangu. Mimi nilikuwa barazani, mke wangu alikuwa anatoka jikoni na kikombe, akabaki amesimama mlangoni kama mtu anayengoja treni imalize kupita. Kila mmoja wao alimwambia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba, shuka polepole," mara kumi na nne. Chai ikapoa. Mheshimiwa, nimeishi na mke wangu miaka thelathini na minne, na tangu alipostaafu, mwaka wa tatu huu, hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akikaa dirishani asubuhi mpaka jioni, mikono mapajani. Mimi nikadhani anapumzika. Nyumba yetu ilikuwa na utulivu ambao watu wengine husafiri mbali kuutafuta. Naomba utulivu wangu urudishwe.

2. Kuhusu kibao.

Mshale wenu unaelekeza kushoto, lakini umepigiliwa kwa msumari mmoja, na upepo ukivuma unaelekeza chumbani. Kijana mmoja mwenye miwani ya rangi aliufuata kwa uaminifu mpaka akasimama mbele ya kitanda cha mama mkwe wangu, ndani, akiwa bado juu ya baiskeli. Mama hakupiga kelele. Alimtazama juu mpaka chini akamuuliza, "Wewe ni daktari?" Yule kijana akasema hapana. "Basi wakati unatoka, zima hiyo redio."

Tangu siku hiyo mama amehamishia kiti chake uani na kujipa kazi ya kibao. Anashika fimbo yake na kupaza sauti hadi ng'ambo ya mfereji: "Kushoto! Kushoto, wewe mwenye kofia! Breki ya nyuma kwanza, ya mbele itakuangusha!" Huyu ni mtu aliyekuwa amekwisha kutuaga. Mwanzoni mwa mwaka aligawa nguo zake kwa jamaa, na mimi akaniachia maagizo ya mazishi, kurasa mbili, mbele na nyuma. Sasa anataka nguo zote zirudi, maana anasema hawezi kupokea wageni kwa gauni moja. Nauliza idara: ni nani kati yenu atakayekwenda kwa wake wa shemeji zangu kuwavua?

3. Kuhusu hospitali.

Chini ya kona kuna changarawe, na mtu anayeingia hapo kwa kasi hutoka akiwa na ngozi pungufu. Kwa mwezi wa kwanza peke yake nilihesabu magoti kumi na tisa, viwiko sita na kidevu kimoja. Mke wangu akavuta mkoba wake wa zamani kutoka uvunguni. Sasa baraza langu linanuka spiriti, bandeji zinaanikwa pale yalipokuwa yanaanikwa mashati yangu ya kazi, na benchi nililokuwa nakalia kuangalia kipimo cha maji limekuwa kitanda cha wagonjwa. Siku moja nilipata nafasi ndogo nikajiketisha pembeni. Mke wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye goti la mtu, akaniuliza, "Na wewe una nini?"

"Mimi ni mume wako," nikasema.

"Basi sogea kidogo, kuna anayetoka damu."

Nikasogea. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alicheka. Si mimi niliyemchekesha, ni mwenye goti, naye alikuwa hata hajasema lolote la maana.

4. Kuhusu mchora ramani.

Jumatano moja, saa tano asubuhi, nilisikia kishindo majini ambacho hakikuwa cha samaki wala cha bata wa jirani. Nilipotoka nilimkuta mtu mnene, mwenye kofia ngumu ya rangi ya chungwa, amesimama katikati ya mfereji maji yakimfika kifuani, na juu ya kichwa ameinua kwa mikono miwili karatasi. Baiskeli ilikuwa chini huko na samaki. Nikamrushia kamba. Alikataa kuishika mpaka kwanza niipokee karatasi.

Nilipomvuta nje na kumkalisha, aliitandaza juu ya meza yangu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama nyumba.

"Samahani mzee," akasema, "kwenye ramani hapa hapana nyumba."

"Na mimi nimesimama wapi?"

Akaweka kidole. "Kwenye vichaka."

Ndipo nilipojua kwamba nimemwopoa mchora ramani wako, Mheshimiwa. Alinieleza kwa unyenyekevu kwamba njia nzima aliichora ofisini, kwa kutazama picha iliyopigwa kutoka angani siku ya mawingu, na kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kuiona. Sikumgombeza, kwa sababu mtu aliyeloa hagombezeki. Mke wangu akampa suruali yangu nyeusi, ile ya sherehe. Akaondoka nayo, akaahidi kuirudisha pamoja na ramani mpya itakayotuonyesha. Ramani mpya nimeipata. Imeonyesha jiko. Nyumba bado ni vichaka, na suruali sijaiona.

5. Lalamiko la tano nililiandika nikalifuta, kwa sababu mke wangu alipita nyuma ya kiti changu.

6. Kuhusu Jumamosi ya maji.

Hapa nakuomba uvumilivu, maana nitakuwa mrefu.

Lango la Nne lina milango miwili ya chuma. Mmoja hupeleka maji mbele, mashambani. Wa pili, wa pembeni, hufunguliwa maji yanapozidi tu, yakamwagika bondeni kupitia korongo kavu na kurudi mtoni. Usipoufungua kwa wakati, tuta hupasuka, na chini ya tuta kuna nyumba arobaini na kitu zenye watu ndani. Hilo korongo kavu ndilo ambalo ramani yenu imeliita "kipande cha kusisimua" na kulipaka rangi nyekundu ili watu wasilikose.

Siku hiyo, saa nane mchana, kwetu jua lilikuwa linaunguza. Simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa Lango la Kwanza, kule juu milimani, sauti yake ikikatikakatika: "Huku imenyesha kama imemwagwa kwa ndoo. Maji yanakuja kwako. Una nusu saa. Yakigusa mstari mwekundu wa kipimo uwe umeshafungua mlango wa pembeni."

Nilienda moja kwa moja kwenye gurudumu la kuzungushia mlango. Sikuwa nimeligusa vizuri mama mkwe wangu akauliza kutoka kitini pake, "Na wale kumi na mmoja?"

Walikuwa waendesha baiskeli waliopita dakika kumi kabla, kuelekea korongoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaelekeza kushoto.

Nilipiga kelele bondeni mpaka koo likakwaruza. Bonde lile halirudishi sauti, na simu huko chini hazishiki. Mguu wangu wa kulia una goti lisilokunjika vizuri, kwa hiyo mimi si mtu wa kukimbia, na hata kama ningekuwa, gurudumu lile ni zito na lina ujanja wake. Hakuna mwingine pale aliyeweza kulizungusha. Nikabaki nimelishika, sijui niende mbele au nyuma.

Barazani alikuwepo mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke wa makamo, aliyekuwa ameteguka kifundo cha mkono pale pale kwenye kona yenu. Mke wangu alikuwa akimfunga. Alimaliza fundo, akakata uzi kwa meno, akainuka. Akaikamata baiskeli ya mwalimu iliyoegemezwa nguzoni, akafunga pindo la gauni kiunoni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Hesabu dakika thelathini, kisha fungua."

"Na kama hujarudi?"

Alikuwa tayari ameweka mguu kwenye pedali. "Chini ya tuta kuna watoto niliowazalisha mimi mwenyewe," akasema. "Fungua."

Akaiingia kona. Mheshimiwa, pale nimewaona vijana wenye glovu na pedi za magoti wakienda chini kama magunia. Yeye aliulaza mwili ndani ya kona, akatoa mguu mmoja nje, changarawe ikaruka, akapotea. Sikupata hata muda wa kushangaa.

Maji yakaja. Kwanza hubadilika rangi, yanakuwa kama chai ya maziwa, halafu yanaanza kuleta vitu: matawi, ndala, mlango mzima wa choo ukiwa na komeo lake. Mwalimu alisimama kando yangu akisoma dakika kwenye saa yake kwa sauti, mpaka nikamwomba anyamaze. Akanyamaza, akawa ananionyesha vidole.

Dakika ya thelathini maji yaligusa mstari mwekundu. Hapa naungama kosa la kwanza la kazi katika miaka ishirini na sita: sikufungua. Ya thelathini na moja sikufungua. Ya thelathini na mbili yalianza kuramba juu ya tuta, na mama mkwe wangu akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, fungua. Alikwambia ufungue."

Huyo aliyesema hivyo ni mama yake mzazi.

Mlango wa pembeni unahitaji mizunguko kumi na minane, na maji huanza kupita kwenye mzunguko wa tano. Nilizungusha wa kwanza. Nikazungusha wa pili. Uso wangu ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa bado haijafika kwetu. Nikazungusha wa tatu, na wa nne nikaufikisha nusu, mikono ikakataa.

Kengele ya baiskeli ikalia upande wa kulia, kwa jirani yetu mfuga bata, mahali ambapo mimi nilijua hakuna njia. Wakatokea katikati ya bata: mke wangu mbele, juu ya baiskeli, na nyuma yake watu kumi na mmoja wanasukuma zao, wamepakwa matope hadi kwenye nyusi, mmoja hana kiatu. Alipoona nimesimama akainua mkono na kupaza sauti, "Zungusha! Unangoja nini?"

Nilizungusha iliyobaki. Sikumbuki hata mmoja. Nakumbuka tu ngurumo ya maji yakiingia kwenye kipande chenu cha kusisimua, na mawe makubwa kama masufuria yakiporomoka nayo. Tuta lilishika. Jioni yake watu wa chini ya tuta walikuja kutushukuru, na mmoja alileta mtoto wa miezi mitatu ili mke wangu amwone alivyonenepa.

7. Kuhusu maisha ya mke wangu kabla yangu.

Watu walipokuwa wanashikana mikono na kukumbatiana, mimi nilikuwa na swali moja.

"Umejifunza lini kuendesha baiskeli?"

Alikuwa anakamua matope kwenye pindo la gauni. "Hukuwahi kuniuliza," akasema.

Aliyeeleza ni mama yake, mbele ya wageni kumi na mmoja na mwalimu wa hesabu. Alisema kwamba binti yake alipokuwa muuguzi kijana, zahanati tatu za bonde lile zilikuwa zake peke yake. Alizizungukia kwa baiskeli miaka minne, mkoba wa uzazi umefungwa nyuma, jua na mvua. Ndiyo maana alijua kichochoro cha kupandia kwa mfuga bata. Alikipita kabla mfuga bata hajazaliwa. Mmoja wa wageni akauliza kwa nini aliacha. Mama mkwe wangu akainua fimbo yake polepole na kunielekeza mimi.

Alisema siku niliyokwenda kumposa nilikuta baiskeli imeegemea ukutani nikauliza ni ya nani. Nilipoambiwa, nikasema, "Mwanamke juu ya baiskeli ni kama kuku juu ya kamba ya nguo." Watu wote wakacheka, na yeye akacheka. Wiki iliyofuata baiskeli akampa kaka yake.

Mheshimiwa, maneno hayo siyakumbuki. Nayaamini kwa sababu yanafanana nami. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi nyumbani siku ile nikijiona mtu mcheshi.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema kitu. Alikuwa anaosha vikombe. "Ningekwambia nini?" akasema. "Kwamba mimi si kuku?"

8. Kuhusu hali ilivyo sasa.

Mwalimu wa hesabu amemwachia mke wangu baiskeli mpaka mkono upone, na naomba ijulikane kwamba mkono huo haupewi haraka yoyote. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mke wangu hushuka bondeni. Saa tatu hurudi, anaimba kabla hajafika uani. Ananisimulia mahali mto unapogawanyika na kuungana tena, na ndege mmoja mwenye miguu mirefu anayesimama kwenye jiwe lile lile kila siku kama askari wa zamu. Nimeishi mwendo wa robo saa kutoka kwa ndege huyo miaka ishirini na sita na hatujawahi kuonana.

Dirishani hakai tena. Juzi nilikwenda kukaa mimi, nione alikuwa anatazama nini miaka hiyo mitatu. Nilikaa tangu asubuhi mpaka mchana. Kutoka pale, Mheshimiwa, maji hayaonekani; ukuta wa jiko umeyaziba. Kinachoonekana ni kipande cha tuta, na njia inayokwenda zake.

9. Waendesha baiskeli wamempa mke wangu jina la Mama Breki. Mimi, mtumishi wa umma wa muda mrefu, siku hizi nasalimiwa kama mume wa Mama Breki.

Kwa sababu zote hizo naomba hatua zichukuliwe. Kwanza kibao king'olewe. Lakini nimefikiri nikaona kukitoa kibao hakutasaidia, kwa kuwa mama mkwe wangu amekuwa kibao na yeye hang'oleki. Basi iondolewe kona. Kona nayo ipo kwa sababu kuna mteremko, kwa hiyo mteremko upunguzwe kwa theluthi mbili, au ujazwe udongo mpaka ulingane na mfereji. Mteremko uliletwa na mto, uliouchimba bila kumshauri mtu, hivyo itakuwa haki mto uandikiwe barua, nakala kwangu, uelezwe kuanza kupinda mapema, usawa wa Lango la Pili, ambako mlinzi ni mjane na hana cha kupoteza. Mto ukikaidi, njia nzima ifungwe, na baiskeli zipigwe marufuku karibu na ndoa yoyote iliyozidi miaka thelathini.

Mwisho, idara itoe fomu. Kila mwanamke anayeolewa aorodheshe mambo yote aliyokuwa akiyaweza kabla ya kuolewa, na kila mwanamume aandike mizaha yote aliyoifanya siku ya posa, atie sahihi, na nakala itunzwe kwenu penye usalama. Mimi ya kwangu ningekuwa nayo, ningekwenda kuisoma kila mwaka, na pengine mwaka wa tano au wa sita ningeona ni wapi nilipokosea, wakati magoti yangu bado yanakunjika.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa mlango wa chini wa ofisi yenu aliyenizuia kuingia mara mbili, na mchora ramani ndani ya suruali yangu. Mama mkwe anawasalimu, na anasema mlete kibao kikubwa zaidi, hiki ni cha watu wanaoona. Msalimie pia mama wa nyumbani kwako, na ukipata nafasi muulize kama anajua kuogelea.

Ni mimi wako, kwenye maji mengi na machache,

Mlinzi wa Lango la Nne
(vichakani, kwa mujibu wa ramani)

Nyongeza baada ya kutia sahihi:

Posta ya huku huchukua siku tisa, na mke wangu amesema ataileta barua hii mwenyewe kwa baiskeli, maana kwa njia yenu ni saa moja na nusu tu kufika mlangoni kwako. Kwa hiyo aliyekukabidhi bahasha hii, mwenye matope kwenye gauni, ndiye. Mpe maji ya kunywa, na tafadhali usiifunge njia kabla hajarudi.

Bahasha nilikwisha kuibandika, nimeifungua tena ili kuongeza haya. Aliponiuliza ndani kuna nini, mdomo wangu ulisema kabla sijauzuia: nikamwambia ni ombi la baiskeli ya pili, ya mtu anayeanza. Akaingia ndani kuvaa viatu, na nikamsikia anacheka peke yake. Mheshimiwa, sijawahi kumdanganya mke wangu, na kwa umri huu sitaki kuanza. Basi nakusihi uyaache yote yaliyoandikwa huko juu, uichukulie barua hii kuwa ndiyo hilo ombi.

Iwe ya chini. Miguu yangu ni mifupi.